Mgonjwa Asiyelalamika: Usomaji wa Kichungaji wa Barua na Hadithi za Flannery O'Connor

Utangulizi

Flannery O'Connor, mwandishi wa hadithi wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, aliugua lupasi kwa karibu miaka 14. Alifariki tarehe 3 Agosti 1964 akiwa na umri wa miaka 39. Mwaka 1979 rafiki yake Sally Fitzgerald alizikusanya barua zake na kuzichapisha katika kitabu kiitwacho The Habit of Being. Barua hizo zimejaa mzaha, imani na bidii ya kazi, na malalamiko ndani yake ni machache mno. Kwa sababu hiyo wasomaji wengi Wakristo wamezipokea kama kielelezo: tazameni, wasema, jinsi Mkristo apasavyo kuugua.

Makala hii yakusudia kuuliza kama usomaji huo unamtendea haki mwandishi, na kama ni salama kwa wagonjwa walio katika sharika zetu. Nitajaribu kuonyesha kwamba barua hizo, zikisomwa kwa makini, hazithibitishi kwamba imani pekee yatosha kumkinga mgonjwa wa kudumu asikate tamaa ya kuishi. Zaonyesha jambo jingine, lenye manufaa zaidi kwa mchungaji. Kisha nitaitazama hadithi yake moja ambamo yeye mwenyewe, pengine bila kukusudia, amewaandikia wachungaji onyo kali kuliko yote niliyopata kuyasoma.

Swali hili sikulipata maktabani. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika ambao sitautaja, alikuwapo mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa na lupasi. Alikuja ibadani uso ukiwa umevimba kwa dawa, akaketi mahali pake pa siku zote, akaimba. Mara mbili au tatu nilimtaja mimbarani, kwa kibali chake, kuwa mfano wa uvumilivu. Baadaye sana aliniambia kwamba katika miezi ile ile alikuwa amekwisha kuazimia kufa, na kwamba kila nilipomsifu alijiona amepungukiwa na mtu mwingine wa kumweleza. Aliyemwokoa sikuwa mimi. Alikuwa ni muuguzi wa kliniki, aliyefunga mlango, akaketi, akamwuliza wazi kama alikuwa akiwaza kujiua. Naandika nikiwa na deni kwa wote wawili.

Ugonjwa na ukweli uliochelewa

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, iliyowekwa ili kuulinda mwili dhidi ya vijidudu, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, figo, moyo, damu na hata ubongo. Katika kila wagonjwa 10, takriban 9 ni wanawake, na wengi wao hushikwa na ugonjwa huu wangali vijana. Haupiti kama homa, wala hauui upesi. Hulala na kuamka, na mgonjwa hajui utaamka lini.

O'Connor aliujua ugonjwa huu kabla ya kuupata. Baba yake, Edward, alikufa kwa lupasi mwezi Februari 1941, binti akiwa na miaka 15. Mwezi Desemba 1950, akiwa safarini kurudi nyumbani kwa garimoshi, yeye mwenyewe alishikwa na maradhi ambayo kwanza yalidhaniwa kuwa baridi yabisi. Daktari wa Atlanta alipotambua kwamba ni lupasi, mama yake, Regina, alimficha. Si vigumu kuelewa kwa nini. Mjane aliyemzika mume kwa maradhi hayo angelitajaje jina lile lile mbele ya mtoto wake wa pekee? Basi binti aliishi zaidi ya mwaka mmoja akidhani kwamba anaugua viungo tu. Mwaka 1952, wakati wa kiangazi, Sally Fitzgerald ndiye aliyemwambia ukweli. Habari haikuwa njema, lakini O'Connor alimshukuru rafiki yake kwa kuisema.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue. Wanaomsifu O'Connor kwa uvumilivu huanza kumsifu baada ya siku ile. Lakini uvumilivu wake una mwanzo, na mwanzo wenyewe ni rafiki aliyevunja siri ya nyumbani. Methali yetu yasema mficha maradhi kifo humuumbua. Twaitumia kumwonya mgonjwa, hali mara nyingi mficha maradhi si mgonjwa bali ni jamaa zake, na wakati mwingine ni mchungaji wake. Martin Luther, katika hoja alizozitetea Heidelberg mwaka 1518, alifundisha kwamba mteolojia wa msalaba hujulikana kwa kukiita kitu jinsi kilivyo. Sally Fitzgerald hakuwa mteolojia kwa cheo, lakini siku ile alifanya kazi ya mteolojia wa msalaba.

Barua zasema nini, na zanyamaza wapi

Barua si shajara. Mwenye kuandika barua anamtazama anayemwandikia, na hupima maneno yake kwa jinsi atakavyopokewa. O'Connor aliwaandikia wachapishaji, wanafunzi, mapadre, na watu wengi asiowajua waliotaka kujua maana ya hadithi zake. Kwa hao wote ugonjwa wake ni jambo la kutajwa kwa mzaha na kupita. Magongo aliyoanza kuyatumia mwaka 1955, mfupa wa nyonga ulipoharibika, aliyafanyia utani. Safari yake ya kuhiji Lourdes mwaka 1958, aliyoifanya kwa kusukumwa na jamaa kuliko kwa hiari yake, aliifanyia utani vile vile, ingawa baadaye alikiri kwamba huko aliiombea riwaya aliyokuwa akiiandika zaidi ya kuiombea mifupa yake. Msomaji hucheka pamoja naye, na katika kucheka husahau kuuliza. Huo ndio uwezo wa mzaha wa mgonjwa: humfariji mgeni, kisha humwonyesha mlango kwa adabu.

Iko barua moja ya mwaka 1956 ambayo hunukuliwa mara nyingi kuliko nyingine zote juu ya jambo hili. Ndani yake asema kwamba ugonjwa, kwake yeye, ni kama mahali, tena mahali penye mafundisho kupita safari ndefu ya ng'ambo. Na kwamba kuugua kabla ya kufa ni mojawapo ya rehema za Mungu. Wahubiri huichukua rehema na kuondoka nayo. Lakini katikati ya mambo hayo mawili ameweka neno ambalo watu huliruka: kwamba katika mahali hapo hapana awezaye kuandamana na mgonjwa. Hilo ni ungamo la upweke. Limewekwa kati ya mafundisho na rehema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza jambo huku akikunja nguo. Anayeisoma barua hiyo kwa haki hana budi kuyasoma yote matatu pamoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini anayekilalia akikuambia kwamba yuko peke yake humo, usimjibu kwa kusifu upana wa kitanda.

Na aliyeandikiwa barua hiyo alikuwa nani? Alikuwa mwanamke wa Atlanta, rafiki ambaye kitabu kilimficha kwa herufi moja tu, A. Kwa miaka tisa alipokea kutoka kwa O'Connor barua zilizo bora kuliko zote katika mkusanyo huo, barua za imani, za vitabu na za upendo wa kweli. Rafiki huyo alikufa kwa kujiua mwezi Desemba 1998, miaka 34 baada ya mwandishi. Hakuwa na lupasi, nami sitafuti kueleza kifo chake. Nataka kusema neno moja tu: maneno yenye hekima, hata yakiwa yameandikwa na mtu mwenye kipaji kama hicho, si kinga. Anayedhani kwamba akimpa mgonjwa kitabu hiki amekwisha kumtunza, na alikumbuke jambo hilo.

Ni nini basi kilichomshika O'Connor mwenyewe? Kitabu chatoa jibu bila kulihubiri. Kwanza ni dawa: homoni iitwayo ACTH, ambayo ilikuwa mpya wakati huo, ilimpatia miaka ambayo baba yake hakuipata. Pili ni mama yake na shamba lao karibu na Milledgeville, mahali ambapo chakula, dawa na safari za kwenda kwa daktari vilipangwa na mtu mwingine. Tatu ni kazi: saa mbili au tatu za kuandika kila asubuhi, zisizoguswa na mgeni yeyote. Nne ni marafiki, na posta iliyowaleta. Tano ni imani yake, aliyoishi ndani ya ibada za Kanisa Katoliki hata kupakwa mafuta mwezi Julai 1964. Siitaji imani mwisho kwa kuidharau. Naitaja hapo kwa sababu katika barua zake haisimami peke yake hata siku moja.

Tena wapo mashahidi ambao kitabu hiki hakinao. Msomaji Mwafrika hawezi kupita barua hizi bila kuona maneno ya dharau ambayo O'Connor, mwanamke mweupe wa Kusini, aliyaandika juu ya watu weusi. Jambo hilo limejadiliwa sana katika miaka ya karibuni, na mwaka 2020 chuo kikuu kimoja cha Kijesuiti huko Maryland kiliondoa jina lake katika jengo la wanafunzi. Nalitaja kwa sababu lahusu hoja yetu. Rejista ya lupasi ya jimbo hilo hilo la Georgia, iliyokusanya habari za wagonjwa wa miaka ya 2002 hadi 2004, ilionyesha kwamba wanawake weusi hupata ugonjwa huu karibu mara tatu kuliko wanawake weupe. Basi katika miaka ya 1950 walikuwapo bila shaka wanawake weusi wa Georgia walioumwa kama yeye, bila shamba, bila daktari wa Atlanta, bila rafiki wa kuzikusanya barua zao. Kimya chao hakiko ndani ya mkusanyo wowote. Tukimfanya O'Connor kuwa kipimo cha uvumilivu, twawapima wao kwa kipimo cha mtu aliyekuwa na vitu ambavyo wao walinyimwa.

Yale ambayo tiba imejifunza

Katika siku za O'Connor mtu angeweza kudhani kwamba huzuni ya mgonjwa wa lupasi ni jambo la moyo tu: ana maumivu, basi ana huzuni. Leo twajua zaidi, na mtu anayehudumia wagonjwa hana ruhusa ya kutojua.

Mwaka 1999 Chuo cha Marekani cha madaktari wa baridi yabisi kiliorodhesha namna 19 ambazo lupasi huweza kuathiri ubongo, neva na akili. Miongoni mwake zimo sonona, wasiwasi uliokithiri na kuchanganyikiwa akili. Maana yake ni kwamba ugonjwa wenyewe waweza kuwaka ndani ya ubongo kama unavyowaka katika kiungo. Tafiti nyingi zilizounganishwa pamoja zakadiria kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne wa lupasi ana sonona kali. Huko Denmark, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 3.5, ukaonyesha kwamba waliowahi kutibiwa hospitalini kwa maradhi ya kinga kujishambulia walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 45, ya kupatwa baadaye na maradhi ya hisia kama sonona.

Dawa nazo zina sehemu yake. Steroidi, ambazo zimewaokoa wagonjwa wengi, huweza kumnyima mtu usingizi, kumpandisha furaha isiyo na sababu, kisha kumtupa chini. Uchunguzi uliofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 1972 ulionyesha kwamba wagonjwa waliopewa prednisoni isiyozidi miligramu 40 kwa siku walipatwa na matatizo ya akili kwa kiasi cha asilimia 1.3, lakini kwa waliopewa zaidi ya miligramu 80 kiasi hicho kilifika asilimia 18.4. O'Connor alilijua jambo hilo kwa mwili wake. Aliandika kwamba dozi kubwa za ACTH zilimrusha kwa kasi ya kutisha, na kwamba hazikuwa na nafuu kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Kuhusu kujiua, ushahidi mmoja wanipa mashaka kuliko mwingine wowote, nao watoka katika ugonjwa ulio ndugu wa lupasi, yaani maltipo sklerosisi, ambao huharibu ala za neva katika ubongo na uti wa mgongo. Watafiti wa Denmark waliwachunguza wagonjwa zaidi ya 10,000 walioanza kuugua kati ya mwaka 1953 na 1996. Waliojiua walikuwa 115, hali kwa kadiri ya watu wa kawaida wangetazamiwa 54 tu. Tena hatari ilikuwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya kuambiwa jina la ugonjwa.

Turudi sasa kwa Sally Fitzgerald. Alitenda vema kusema kweli. Lakini ukweli uliosemwa na kuachwa hapo ni jambo la hatari, nao utafiti huo wathibitisha. Fitzgerald hakuuacha ukweli wake peke yake. Aliendelea kuwa rafiki mpaka mwisho, na hata baada ya mwisho. Mwaka wa kwanza ndio mwaka wa kuzuru. Sisi huzuru siku ya kwanza kwa wingi, tukiwa na maombi na ndizi na sabuni, kisha twangojea mazishi.

Mchungaji asiyeona

Mwaka 1962 O'Connor alichapisha hadithi iitwayo The Lame Shall Enter First, yaani Viwete Wataingia Kwanza. Baadaye iliingia katika kitabu kilichotoka mwaka 1965, baada ya kifo chake. Mhusika wake mkuu ni mjane wa kiume, mtumishi wa halmashauri ya mji, ambaye siku za Jumamosi hujitolea kuwashauri vijana katika shule ya kurekebisha tabia. Jina lake ni Sheppard, nalo katika sikio la Kiingereza lasikika kama neno lenye maana ya mchungaji. Ana mtoto mmoja wa miaka 10, Norton, aliyefiwa na mama yake mwaka mmoja na zaidi uliopita, na ambaye bado analia. Sheppard huona machozi hayo kuwa ni ubinafsi. Anaamua kumleta nyumbani Rufus Johnson, kijana wa miaka 14 mwenye akili nyingi na mguu uliopinda, ili amwokoe. Anampa ufunguo wa nyumba, anamnunulia darubini, anamtafutia kiatu maalumu. Rufus humdharau. Norton, wakati huo wote, yumo nyumbani.

Mtoto anauliza mama yake yuko wapi. Baba, ambaye haamini mambo ya mbinguni, anamjibu kwamba hayuko popote. Rufus, ambaye ni mwovu lakini anaijua Biblia, anamwambia kwamba kama alimwamini Yesu yuko juu. Tangu hapo Norton hakai mbali na darubini. Siku moja anamwambia baba yake kwamba amemwona mama, naye amempungia mkono. Sheppard anamwamuru akalale. Mwishoni, Rufus akiwa amekwisha kumshinda kabisa, Sheppard anatambua ghafula kwamba ameujaza utupu wake mwenyewe kwa matendo mema, kama mlafi, huku akimwacha mtoto wake na njaa. Anapanda mbio akiwa na upendo mpya. Amechelewa. Mtoto amekwisha kujiua.

Msomaji wa Kilutheri ataitambua mara moja hukumu juu ya matendo mema yanayotendwa ili mtendaji ajione mwema. Lakini naomba tusiikimbilie hoja hiyo ya darasani upesi mno. Hadithi yasema jambo jepesi na la kutisha zaidi. Sheppard ni mshauri kwa kazi yake. Anazo sikio na saa za kusikiliza, lakini anamsikiliza yule ambaye mateso yake yaonekana: mguu uliopinda, makosa yaliyoandikwa katika faili, maneno makali. Aliye hatarini ni yule mwingine, aliyenyamaza, ambaye dalili yake ya mwisho ilikuwa ni furaha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wasema wazee wetu, na hadithi nzima ya Norton imo ndani ya methali hiyo.

Mwandishi aliyeumwa kwa miaka mingi, mwenye magongo, amemweka kijana mwenye mguu mbovu mbele ya macho yetu, kisha akatuonyesha kwamba tulikuwa tukitazama mahali pasipo. Je, alikuwa akisema pia juu ya wale waliomtembelea yeye, wakayatazama magongo na kuondoka wameridhika? Siwezi kuthibitisha. Nasema tu kwamba aliyeandika hadithi hii alijua tofauti kati ya maumivu yanayoonekana na yale yasiyoonekana, na alijua kwamba watu wema huyakosa ya pili.

Pingamizi

Hata hivyo mhakiki asiwe mshangiliaji. Nina pingamizi mbili.

Kwanza, katika hadithi hii kifo cha mtoto kimefanywa kuwa somo la mtu mzima. Norton anakufa, Sheppard anafumbuliwa macho, na neema, kama O'Connor apendavyo kuionyesha, inakuja kwa kishindo. Mteolojia atauliza: neema gani hii inayomgharimu mtoto uhai ili baba aelimike? Norton hapewi nafasi ya kuwa mtu mwenye hofu na mashaka mwishoni. Anakwenda kama msafiri aliyefurahi. Ninajua wazazi ambao wasingeweza kusoma ukurasa huo. Zaidi ya hayo, yeye aliyejiua si somo kwa yeyote. Ni mtu aliyekufa kwa maumivu ambayo pengine yangeliweza kupunguzwa.

Pili, O'Connor hana subira na mtu mzima anayetamani kufa. Katika The Enduring Chill, ya mwaka 1958, kijana Asbury anarudi nyumbani akiamini kwamba anakufa, amekwisha kumwandikia mama yake barua ya kumwumiza, na ameyafanya mauti kuwa tamthilia yake. Daktari wa kijijini anagundua kwamba ana homa itokanayo na maziwa mabichi, nayo haitamwua. Hadithi yachekesha sana. Lakini iliandikwa na mtu aliyekuwa na ugonjwa wa kweli, na ukali wa kicheko chake wanifanya nishuku kwamba alijikataza mwenyewe jambo ambalo alimcheka Asbury kwa kulitenda. Mgonjwa anayejikataza kulalamika aweza kuwa hodari. Aweza pia kuwa mkali kwa wagonjwa wenzake walio dhaifu kuliko yeye. Katika wodi na katika vikundi vyetu vya maombi wote wawili tumewaona.

Hitimisho

Tumejifunza nini kwa ajili ya huduma? Nataja mambo manne.

La kwanza, tuache kuwasifu wagonjwa mimbarani. Sifa ya hadhara humfunga mtu. Akiisha kuwa mfano wa usharika, hana tena mahali pa kuanguka. Biblia yenyewe haikumfunga Ayubu hivyo. Baada ya uvumilivu wa sura mbili za mwanzo imempa nafasi ndefu ya kuilaani siku aliyozaliwa, na katika sura ya saba kusema wazi kwamba afadhali kufa. Na mwishoni Mungu akawakemea rafiki waliomtetea Mungu, akasema kwamba Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa.

La pili, tuulize. Wengi wetu twaogopa kwamba tukilitaja neno la kujiua tutakuwa tumelipanda. Tafiti zimeonyesha kwamba hofu hiyo haina msingi: kuuliza waziwazi hakulipandi wazo hilo, na kwa wengi huleta nafuu. Yule muuguzi aliuliza. Mimi niliyesomea teolojia sikuuliza. Na jibu likiwa ndiyo, mgonjwa asiachwe peke yake siku hiyo, na apelekwe kwa tabibu akiwa ameshikwa mkono.

La tatu, tushirikiane na hospitali. Mgonjwa wa lupasi anayebadilika tabia ghafula, anayekosa usingizi, anayeongea kwa kasi au aliyezama kimya, anahitaji daktari wake ajulishwe upesi, kwa maana yaweza kuwa ni ugonjwa katika ubongo au ni dawa. Wala mtumishi yeyote asimshauri kuacha steroidi kwa ghafula kwa jina la imani, kwa kuwa kuziacha hivyo kwaweza kuua.

La nne, lahusu wale tuliowapoteza. Desturi ya kumzika aliyejiua bila ibada bado yajulikana katika sharika zetu. Luther, katika mazungumzo ya mezani ya mwaka 1532, alisema kwamba hakubali kuwa watu hao wamepotea kwa hakika, kwa maana hawakutenda kwa kupenda bali walishindwa na nguvu za Ibilisi, kama msafiri aliyeuawa na wanyang'anyi msituni. Aliona pia kwamba neno hilo lisisemwe ovyo, naye alikuwa na haki. Lakini kama yeye, katika karne ya 16, aliweza kumwona aliyejiua kama mtu aliyevamiwa njiani, sisi tunaojua habari za kinga ya mwili inayomgeukia mwenyewe tuna sababu zaidi. Nchini Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Lisingekuwa jambo la heshima kwa Kanisa kutanguliwa na mahakama katika rehema.

Nabii Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumsifu kwa ushujaa wa Karmeli, wala hakumkemea kwa kukata tamaa. Alimgusa. Akampa mkate na maji, akamwacha alale, akarudi mara ya pili. Ni katika mara hiyo ya pili ambapo sisi hukosekana. Yule mwalimu bado yu hai, na bado anaumwa. Siku hizi nikimtembelea simwambii kwamba ni hodari. Namwuliza amelalaje, dawa zamfanyia nini, na kama yale mawazo yamerudi. Kuna siku hujibu hapana, na kuna siku hujibu ndiyo, na siku hiyo twakaa.